Futi

Elinami alipohamia Dodoma aliniachia sanduku la kioo,
bakuli la maji, kigae cha chungu kilichopasuka,
na nyoka kahawia, mwembamba kuliko penseli.

"Hana sumu, fundi. Panya tu ndio chakula chake.
Wiki ya kwanza usimguse. Mwache azoee."
Akaondoka. Hakusema mimi nizoee vipi.

Mimi ni mshona suti, Magomeni, chumba na sebule.
Nakijua kitu chembamba kinacholala shingoni mwa mtu kutwa:
nikamwita Futi.

Siku ya kwanza niliketi kiti cha mbali.
Siku ya pili kiti kilisogea, sijui nani alikisogeza.
Siku ya tatu Futi akatoa kichwa chini ya kigae,
akaonja hewa kwa ulimi,
akaonja chaki, mafuta ya cherehani, chai yangu ya tangawizi,
akauonja woga wangu,
akarudi ndani.

Kula akakataa.
Panya mdogo wa kwenye friji, nimemyeyusha kwa maji ya vuguvugu,
nimemkausha kwa kitambaa safi, nimemshika mkia kwa koleo
(mimi mwenyewe sijiandalii hivyo),
naye akamtazama kama mteja anavyotazama kitambaa asichonunua.
Wiki moja. Wiki mbili.
Nikampigia Elinami usiku wa manane.
"Unamchungulia mara ngapi kwa siku?"
Nikanyamaza.
"Fundi, wewe ungekula?"

Nikafunika kioo kwa mabaki ya kitenge.
Asubuhi panya hayupo,
na mwilini mwa Futi pametuna mahali pamoja,
kama kifungo kilichopotelea ndani ya bitana.
Nikacheka kwa sauti.
Tangu Zamda aolewe, kuta hizi hazikuwa zimesikia kicheko.

Mama Salvina, mwenye nyumba, anasema mtoto wa nyoka ni nyoka.
Ndiyo, mama. Angekuwa nini, bata?
Kondo wa kahawa amehamisha benchi lake hatua sita.
Wengine wanasema nimejifugia utajiri.
Waje wauone huo utajiri: Luku imebaki uniti tatu
na kodi ya Juni bado.

Kisha macho yake yakaingia ukungu,
buluu iliyofifia, kama maji ya kusuuzia mashati meupe.
Nikajua nimempofusha.
"Anajivua," akasema Elinami. "Mwekee kitambaa chenye unyevunyevu.
Na tafadhali, usimsaidie."

Usimsaidie! Mikono hii
imefumua mishono ya watu miaka thelathini na moja.
Niliikalia.
Siku ya tano nikaliokota vazi zima,
limegeuzwa nje ndani, hadi vifuniko vya macho,
na halina mshono hata mmoja.
Nimelitafuta pale linapoanzia. Bado nalitafuta.

Alhamisi umeme ulikatika, kifuniko sikukibana vyema.
Alfajiri sanduku tupu.
Nikapekua vitambaa, viatu, droo za cherehani,
nikalala kifudifudi na tochi nikiita jina lake,
nikisahau kwamba hana masikio.
Alikuwa kwenye koti la bwana harusi,
mkono wa kushoto, amejikunja kwenye bitana laini.
Nikamtoa polepole, kiganja chini ya kifua,
kama mtu anayetoa uzi bila kuukata.

Jumamosi bwana harusi alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo:
"Fundi, limenikaa kama ngozi."
Nikainamia pini zangu.

Utotoni tulitegana:
mkanda mzuri njiani, siwezi kujifunga.
Tukapiga kelele jibu, tukakimbia.

Usiku huu umeme umekatika tena.
Futi amejifunga mwenyewe kifundoni mwa mkono wangu,
pale nilipokuwa navaa saa.
Sijui ni saa ngapi.